Jina lako la vitumbua likivuka mpaka wa Kasumbalesa: kipi kitangulie

Swali: Nina vibanda vinne hapa Lubumbashi, mitaa ya Kenya, Katuba, Kamalondo na Bel-Air. Tunauza vitumbua, sambusa na chipsi za muhogo, kwa jina moja na rangi moja. Bwana mmoja wa Kitwe, Zambia, amekula kwetu mara nyingi, na sasa anataka kulipia jina letu afungue kule, baadaye na Ndola. Anasema niwe ninampelekea unga uliochanganywa tayari, naye awe ananipa asilimia ya mauzo kila mwezi. Nianze wapi, nimtoze ngapi, na kitu gani kinaweza kuniharibikia?

Jibu: Mama, mpango aliokuletea bwana huyo una makosa mawili. Unga ni mzito, tena Kitwe upo. Na mauzo ya fedha taslimu huwezi kuyaona ukiwa umekaa Lubumbashi. Kinachotakiwa kuvuka mpaka ni kitu chepesi ambacho kule hakipatikani, na kitu hicho hicho ndicho kikuhesabie mauzo. Ukilipanga hili vizuri, matatizo mengi ya franshizi, yaani kukodisha jina la biashara, yanapungua. Ukilikosea, hata mkataba wa kurasa hamsini hautakusaidia.

Lakini kabla ya unga na pesa, jina. Usimpe hata ukurasa mmoja wa maandishi yako kabla jina halijaandikishwa Zambia. Alama ya biashara inalindwa katika nchi ilikoandikishwa tu. Hata kama umeshaiweka Wizara ya Viwanda kwa sheria yetu ya Kongo ya tarehe 7 Januari 1982, karatasi hiyo haina nguvu ng'ambo ya Kasumbalesa. Kule ofisi ni PACRA, ile ile inayosajili makampuni, na hapo ndipo watu wengi wanapoteleza. PACRA ina daftari la majina ya makampuni na daftari la alama za biashara, na ni madaftari mawili tofauti. Mtu akisajili kampuni yenye jina lako, hajamiliki alama yako, ila atakusumbua. Wewe nawe ukiwa na kampuni tu bila alama, hujalindwa. Mwambie wakala wa kule atafute katika yote mawili kabla hujalipa chochote.

Alama huandikishwa kwa madaraja ya kimataifa. Vitumbua na sambusa ni daraja la 30. Kripsi (zile chipsi kavu) za viazi au muhogo na karanga zilizotayarishwa huingia 29. Huduma ya kulisha watu ni 43. Kila daraja lina gharama yake, kwa hiyo fedha zikibana anza na 30 na 29, ambayo ndiyo ya bidhaa zenyewe. Mwombaji awe wewe au kampuni yako, hata kama bwana atasema aiandikishe yeye kwa kuwa yuko karibu na ofisi. Hapo ndipo wenye majina wengi wamepokonywa majina yao: mshirika aliandikisha kwa nia njema, wakagombana mwaka wa tatu, na jina likabaki kwake. Na kama bado unafanya kazi bila RCCM, yaani namba ya daftari la biashara, pitia kwanza Guichet unique, ofisi ya kuandikisha biashara, ujisajili. Mtu asiye na karatasi kwao hawezi kukodisha jina ugenini.

Msomee pia jina lako mtu wa Kibemba, lugha ya kule, kwa sauti, akuambie linamaanisha nini masikioni mwake. Hilo halina gharama.

Sasa hesabu. Tuchukue kitumbua cha gramu 45 kikiwa kibichi (nazungumzia vya ngano tunavyokula huku, si vya mchele kama vya Pwani). Unga kilo 10, sukari kilo 1.5, maji lita 6, hamira na chumvi pamoja gramu 200, viungo gramu 250. Jumla ni kilo 17.95 za donge. Gawanya kwa gramu 45, unapata vitumbua 398. Toa kinachobaki kwenye beseni na kinachoungua, andika 380.

Zile gramu 250 za viungo ndizo ladha yako, na ndizo pekee zinazotakiwa kutoka Lubumbashi. Zifunge katika pakiti yenye namba, pakiti moja kwa kilo 10 za unga. Usitie hamira ndani: ikikaa na unyevu wa miezi ya mvua inakufa, nawe utalaumiwa kwa vitumbua vigumu. Maduka mawili yakitumia pakiti 100 kila moja kwa mwezi, mzigo wote ni kilo 50, gunia moja. Na hesabu yako tayari unayo: pakiti 200 mara vitumbua 380 ni 76,000. Tuseme kwa mfano kimoja kinauzwa kwacha 3. Mauzo ya vitumbua ni kama kwacha 228,000. Huhitaji kumuuliza ameuza ngapi. Fanya vivyo hivyo kwa sambusa: pakiti ya viungo vya kilo 5 za nyama, na idadi ya sambusa zinazotoka humo umeshaipima mwenyewe.

Njia ya kukudanganya inabaki moja: kutumia pakiti moja kwa kilo 15 au 20 za unga. Inaonekana katika risiti zake za unga, na inaonekana mdomoni. Kwa hiyo weka katika mkataba kwamba risiti za unga unaziona kila mwezi, na mtu wako anaweza kuingia jikoni siku yoyote bila kutoa taarifa.

Mrabaha, yaani malipo ya kutumia jina lako, uweke hivi: asilimia 4 ya bei iliyoandikwa ubaoni, mara 380, mara pakiti alizonunua. Katika mfano wetu ni kwacha 45 na ngwee 60 kwa kila pakiti. Bei ya ubaoni ikipanda, mrabaha unapanda wenyewe, na kwacha ikishuka thamani huachwi nyuma sana. Utasikia kwamba Subway inatoza asilimia 8 na kuongeza 4.5 ya matangazo. Ni kweli, lakini mnunuzi wao anapata jina ambalo wateja wanalijua kabla mlango haujafunguliwa. Lako linajulikana Lubumbashi. Kitwe wanalijua wale wanaovuka tu, na bwana huyo ndiye atakayelijenga kwa pesa yake. Ukimkaba kwa asilimia 10, ataanza kupunguza gramu.

Usifiche mrabaha ndani ya bei ya pakiti. Wengi hufanya hivyo ili kukwepa kodi, na inawageukia. Bidhaa ikiingia Zambia inalipiwa forodha na VAT ya asilimia 16 mpakani, na forodha wana haki ya kuongeza mrabaha juu ya thamani ya mzigo pale unapokuwa sharti la kuuziwa mzigo huo. Weka pakiti kwa bei yake halisi na faida ndogo, na mrabaha kwenye ankara yake. Mrabaha unaolipwa kwa mtu asiye mkazi wa Zambia hukatwa asilimia 20 kabla haujatoka. Ukitarajia 1,000 utapokea 800. Mkataba useme wazi kiasi mlichokubaliana ni kabla ya makato, na bwana akupe cheti cha makato kutoka ZRA, mamlaka ya kodi ya Zambia, kila anapolipa. Bila cheti hicho huna cha kuwaonyesha watu wa DGI, ofisi ya kodi ya huku.

Ada ya kuingia isikutajirishe. Ihesabu kwa gharama: wakala wa PACRA, siku 14 za wapishi wake kujifunza kwako, siku 10 za mpishi wako kukaa Kitwe wakati wa kufungua, nauli na chakula. Jumlisha, ongeza kidogo kwa ajili ya kitabu cha kazi, basi. Kisha weka kima cha chini cha pakiti, tuseme 60 kwa duka kwa mwezi kuanzia mwezi wa nne baada ya kufungua. Akishindwa miezi mitatu mfululizo, eneo linarudi kwako. Na eneo ni Kitwe peke yake, Ndola akifikisha kiwango Kitwe. Usiandike "Zambia". Mtu mwenye duka moja Kitwe akishika haki ya nchi nzima, Lusaka imefungwa kwako kwa miaka yote ya mkataba.

Kwa nini nasisitiza unga na vitu vingine vya kupikia vinunuliwe kule? Agosti 2024 Zambia ilifunga mipaka yake na sisi kwa siku chache, Kasumbalesa, Mokambo na Sakania, baada ya ugomvi ulioanzia kwenye katazo letu la vinywaji kutoka kwao. Malori yalisimama. Duka linalosubiri unga wa Lubumbashi lingefunga siku ya pili. Duka lenye pakiti za miezi mitatu stoo, yaani kilo 75 tu, lisingesikia chochote. McDonald's ilifunga maduka yake yote Iceland mwaka 2009 kwa sababu ya namna hiyo: karibu kila kitu kilitoka nje, fedha ya nchi ikaporomoka, na bei ya nyama na jibini ikawashinda. Kama kampuni ya ukubwa ule haikuweza, sisi tusijaribu.

Nyama ya sambusa usivukishe kabisa, kwa sababu ya sheria za mifugo. Inunuliwe Kitwe kwa mchinjaji aliyepimwa. Kikanda pia, kama ulikuwa unafikiria kukiongeza kwenye meza kwa kuwa pande zote mbili wanakipenda: mizizi yake ni ya okidi, na okidi zote ziko chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, zinahitaji kibali kuvuka mpaka.

Sasa jikoni, maana hapa ndipo jina linapookolewa au kupotea. Kitabu chako cha kazi kisiwe na neno "kidogo", "kiasi" wala "mpaka liive". Unga wa Zambia si ule unaonunua hapa. Unaweza kunywa maji zaidi au pungufu. Mpishi wako akifika Kitwe, asianze na kilo 10. Achukue kilo 1 ya unga wa kule, maji mililita 600, akande dakika 10, aache dakika 5, kisha achote donge kwa mkono uliolowa na kuliminya litoke kati ya kidole gumba na cha shahada. Likikatika na kuacha mkia mfupi, sawa. Likining'inia kama uzi mrefu, apunguze mililita 20 na kurudia. Likigoma kutoka, aongeze 20. Namba itakayopatikana ndiyo inayoandikwa katika kitabu cha Kitwe, pamoja na jina la kinu cha unga. Wakibadilisha unga, jaribio linarudiwa.

Mafuta yawe nyuzi 175, kwa kipimajoto, si kwa kutupia kipande cha unga. Kwa 150 kitumbua kinakunywa mafuta na kuchafua karatasi. Kwa 195 kinakuwa cheusi nje na ndani bado kinanata. Kosa la kila siku ni haraka: wateja wamejaa, mpishi anamwaga vitumbua arobaini kwenye karai, joto linaanguka hadi 140 na halirudi. Kipimo salama ni kilo 1 ya donge kwa lita 7 za mafuta. Chukua kimoja, choma kipimajoto katikati: 92 hadi 94, kimeiva. Usinakili 97 au 98 utakayoikuta kwenye vitabu vya Ulaya. Lubumbashi na Kitwe ziko kama mita 1,200 juu ya bahari, maji yanachemka karibu nyuzi 96, hutaifikia namba hiyo kamwe, na utakuwa unakausha vitumbua bure. Kwa bahati, mwinuko wa miji hii miwili unakaribiana, kwa hiyo muda wako wa kukaanga unahama nao bila kubadilishwa. Mafuta yakianza kutoa povu jepesi lisilotulia, au moshi kwenye 175, yamwagwe.

Jiko lisiwe la umeme peke yake. Ukame wa 2024 uliposhusha maji ya Kariba, Zambia ilikaa gizani saa nyingi kwa siku, na duka la kukaanga lenye mashine za umeme lilikuwa duka lililofungwa. Gesi, mitungi miwili, mmoja ukiwa umejaa wakati wote. Makala, yaani mkaa, yanaweza kutumika uani, lakini joto lake linayumba, kwa hiyo kipimajoto kinakuwa cha lazima zaidi.

Kripsi za muhogo nakushauri ziahirishwe hadi mwaka wa pili. Kwanza, neno. Sisi kwa mazoea ya Kifaransa tunaita chipsi vile vipande vyembamba vikavu. Zambia chipsi ni zile ndefu laini tunazoita friti. Ukiandika ubaoni chipsi za muhogo, mteja wa Kitwe atasubiri sahani ya moto na siki. Kule andika kripsi. Pili, kusafirisha hakulipi: katoni ya pakiti 100 za gramu 30 ina kilo 3 tu za chakula, inayobaki ni hewa, nawe unalipia nafasi. Tatu, kitu kilichofungwa kwenye pakiti kinaleta masharti yake. Lebo iwe kwa Kiingereza, na viungo kuanzia kilicho kingi, uzito halisi, jina na anwani ya mtengenezaji, tarehe ya mwisho. Uzito unakaguliwa. Nne, muhogo wenyewe: tumia mtamu tu, kwa sababu muhogo mchungu una sumu ya sianidi ambayo kukaanga vipande vibichi hakuiondoi ipasavyo. Mnunuzi wa mihogo sokoni Chisokone lazima ajue kutofautisha, na hilo halifundishwi kwa simu. Ukiongeza karanga, kumbuka sumu ya ukungu, aflatoksini, haifi kwa moto wa kikaango. Njia ni kuchambua zilizokunjamana na zenye rangi kabla hazijaingia jikoni.

Kuhusu mahali: vitumbua vya kando ya njia Kitwe vipo tele, wanaviita vitumbuwa, na ni rahisi. Huwezi kumshinda mama wa barabarani kwa bei, wala si haki kujaribu. Unachouza ni usafi, ukubwa ule ule kila siku, na kitu cha moto saa zote. Kwa hiyo tafuta chumba chenye maji ya bomba na choo, karibu na mahali watu wanapobadilishana zamu za kazi au wanaposhukia basi. Kibanda cha barazani kina hatari nyingine: Januari 2018, wakati wa kipindupindu, wachuuzi wa chakula wa mitaani Lusaka waliondolewa kwa amri. Leseni ya chakula hutolewa na halmashauri ya mji baada ya ukaguzi, na wanaogusa chakula hupimwa afya. Hayo yote ni kazi ya bwana, kwa jina la kampuni yake. Wewe huhitaji kufungua kampuni Zambia. Dai nakala tu, na pakiti za kwanza zisitoke kabla nakala hazijafika.

Mkataba uwe kwa Kiingereza na Kifaransa, na useme nakala ipi inatawala zikipingana. Ugomvi upelekwe kwa wasuluhishi, si mahakama. Nchi zote mbili zimo katika Mkataba wa New York wa usuluhishi, Zambia tangu 2002 na sisi tangu 2014, kwa hiyo uamuzi wa wasuluhishi unaweza kutekelezwa kila upande. Hukumu ya mahakama ya Lubumbashi kuifanyisha kazi Kitwe ni safari nyingine kabisa. Namba ya simu iliyo kwenye ubao, kurasa za mitandao na vibao vyenyewe viwe mali yako tangu siku ya kwanza. Watu husahau hili, halafu mkataba unakwisha na wateja wanaendelea kupiga simu kwa yule aliyefukuzwa.

Na kabla ya kufungua Kitwe, fungua Likasi. Ni kama kilomita 120, sheria zile zile, lugha ile ile, lakini ni mbali vya kutosha wewe usiwe unapita kila jioni kuonja. Mpe mtu asiye ndugu yako, mpe kitabu, mizani, kipimajoto na pakiti, kisha kaa Lubumbashi siku 90. Kila anayekupigia kuuliza jambo, jibu lake liandike kwenye kitabu siku hiyo hiyo, kwa sababu swali hilo ni shimo ulilolisahau. Mwezi wa kwanza simu zitakuwa nyingi. Kila Ijumaa apime vitumbua 20 vibichi na kukutumia picha ya mizani. Vikiwa kati ya gramu 43 na 47 wiki nne mfululizo, hesabu ya pakiti ikilingana na ya unga, na wiki mbili zikapita bila simu ya kuuliza kipimo, mwambie bwana wa Kitwe alete wapishi wake kwa zile siku 14.

Pakiti ya kwanza ya Kitwe iwe na namba 0001, na daftari la namba likae kwako.